Sitini na Mmoja wa Nyamahanga

Genoveva alikuwa amewaita watu kwa chanjo, si kwa siasa. Wiki nzima nesi huyu alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia akina mama wa Nyamahanga: Jumatano leteni watoto zahanati, gari linaleta dawa ya surua. Wakaja. Wengine walitoka alfajiri kwenye mashamba ya mbali, watoto mgongoni, viazi vya kuchemsha vimefungwa kwenye khanga. Na gari likaja kweli, saa mbili asubuhi, likashusha kasha la barafu lenye chupa nane, za kutosha watoto themanini, likaendelea na safari. Dereva wake, Modestus, alimwachia neno moja tu: barafu ikiisha kabla hujachanja, mwaga dawa.

Basi nani alijitokeza saa hiyohiyo na meza yake na bendera yake? Malongo, mwenyekiti wa kijiji na wa tawi la Chama. Alipouona umati ule, ambao yeye hajawahi kuupata hata siku ya kugawa mbegu, macho yalimtoka.

"Mama Nesi," akasema, "niazime watu wako dakika kumi."

Dakika kumi! Saa sita mchana alikuwa bado anaongea.

Na alikuwa anaongea nini? Anamlaumu mbunge, Ndugu Desderius. Ulikuwa mwaka wa themanini, vijana wamerudi kutoka vitani Uganda, uchaguzi uko mlangoni, na kwa kuwa Chama kilikuwa kimoja, wenye kugombana waligombana humohumo ndani. Malongo alikuwa mtu wa Methusela, bwana mmoja wa mjini Biharamulo aliyekimezea mate kiti cha Desderius. Na Desderius kosa lake lilikuwa kusimama Bungeni kuunga mkono mpango mpya wa afya, kwamba fedha zipelekwe kwenye zahanati za vijiji na chanjo badala ya majengo makubwa ya mjini.

"Hospitali ya ghorofa!" Malongo alipiga meza. "Wilaya yetu ilikuwa ipate hospitali ya ghorofa, ndugu zangu. Huyu bwana ameibadilisha kwa kitu gani? Kwa barafu!"

Barafu yenyewe ilikuwa chini ya meza ya Genoveva, inayeyuka. Sindano alishazichemsha, mafuta ya taa ya kuzichemshia mara ya pili hana. Akanyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, mpango huu si wa Chama?"

"Ni wa Chama. Nani amesema si wa Chama?"

"Sasa mbunge amekosea wapi?"

"Ameuunga mkono kabla tawi halijamtuma."

"Na tawi lingemtuma akafanye nini?"

"Auunge mkono," alisema Malongo bila hata kuona haya. "Lakini awe ametumwa."

Ebo! Genoveva alikaa chini, kwa sababu angebaki amesimama angesema neno la kumfikisha kituoni. Alimtazama Nshoma, mwanamke wa Kisukuma aliyeketi mbele kabisa. Mwaka wa vita, petroli yote na dawa zote zilipokwenda mpakani, surua ilimzikisha Nshoma watoto wawili ndani ya wiki moja. Amebaki na Nyanda wa miaka mitatu na kachanga ka miezi sita. Ametembea tangu saa kumi usiku, na sasa amekalishwa juani asikilize habari za ghorofa.

"Wanaounga mkono azimio la kumlaumu mbunge, wanyooshe mikono!" alipaza sauti Malongo.

Ikanyooka mikono kumi na tisa, ya wanaume waliokaa kivulini. Akina mama hawakunyoosha. Wangenyoosha mkono upi? Huu umeshika mtoto anayelia, na huu umeshika mtoto anayetaka kukimbia. Malongo alihesabu mara mbili, akanuna.

"Nusu haijafika. Mkutano haufungwi mpaka wengi wapige kura. Hata tukeshe."

Saa saba na robo. Genoveva alitumbukiza mkono ndani ya kasha. Maji, na vipande vitatu vya barafu. Hapo uvumilivu ukamwisha. Akafanya alilofanya.

"Ndugu Mwenyekiti, akina mama wamebeba watoto. Wapange mstari, wapite mezani kwangu mmoja mmoja. Mimi nitakuhesabia."

Malongo alimtazama. Mzee yule alikuwa msumbufu lakini si mjinga. "Kila atakayepita mezani kwako ameunga mkono azimio?"

"Mwenye kalamu ni wewe," alisema Genoveva.

Akina mama walipanga mstari kwa furaha. Kumbe nao walikuwa wamechoka! Genoveva alichanganya dawa na kuchoma, huku Malongo kando yake anachora vijistari kwenye daftari. Nyanda alichomwa, akapiga yowe, akapewa kiazi. Kale kachanga, Genoveva alikarudisha mgongoni kwa mama yake. "Huyu bado mdogo. Oktoba atafikisha miezi tisa, na gari litarudi. Umlete." Mpaka saa tisa walikuwa wamepita akina mama sitini na mmoja, na watoto sabini na wanane wamechanjwa. Barafu iliisha chupa ya mwisho ikiwa mkononi.

Malongo alimletea karatasi ya azimio. Palikuwa na nafasi ya jina la aliyehesabu. Genoveva alitia sahihi. Alijiambia kwamba mbunge ni mtu mzima, lawama za Malongo atazipangusa kama vumbi, na mtoto mwenye surua hawezi kuipangusa surua.

Haikuwa hivyo. Mwezi wa nane mkutano mkuu wa wilaya uliketi, azimio la Nyamahanga likasomwa la kwanza, na jina la Desderius likaanguka kwenye orodha ya wagombea. Siku chache baadaye Genoveva alikuwa Nyakanazi akingoja basi la kwenda Ngara kumwona mama yake, akamkuta Desderius kwenye benchi la muuza chai.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba." Alikorogakoroga chai yake. "Wengine niliwajua, Genoveva. Lakini Nyamahanga? Kura sitini na moja za akina mama, na aliyehesabu ni wewe?"

Genoveva alifungua kinywa, basi likapiga honi, naye akapanda. Akapanda tu! Njia nzima alijiona mtu wa hovyo, na alikuwa na haki ya kujiona hivyo.

Oktoba akina mama walikusanyika tena, na gari likaonekana. Likapita. Genoveva alilikimbilia barabarani akipunga kitambaa mpaka Modestus akashika breki.

"Unakwenda wapi? Shusha kasha!"

"Ninyi hamumo kwenye orodha, Mama Nesi." Modestus alitoa karatasi ya wilaya. Mbele ya jina la Nyamahanga waliandika: wananchi wameukataa mpango wa mbunge, kura za akina mama sitini na moja.

Jamani! Genoveva aliisoma mara tatu. Alitaka kuichana, alitaka kumpiga mtu. Malongo naye alikuwa amefika. Alikuwa amembeba mjukuu wake. Na nyuma yake Nshoma, mtoto wa miezi tisa mgongoni.

"Mama Nesi," aliuliza Nshoma, "sisi tulikataa lini?"

Lawama zilimjaa Genoveva mdomoni: za wilaya, za Methusela, za Malongo. Akazimeza zote.

"Siku ile ya sindano. Mstari wenu uliandikwa kura ya kumlaumu mbunge aliyewaleteeni dawa. Nilijua. Mstari niliutaka mimi, na kuhesabu nilihesabu mimi."

Genoveva alimpokonya Modestus kalamu, akaandika palepale kwenye karatasi ya wilaya: Hii haikuwa kura, ilikuwa foleni ya chanjo. Nilitia sahihi uongo. Genoveva, nesi, Nyamahanga.

"Wakisoma hii watakufukuza kazi," alisema Modestus.

"Watanifukuza. Shusha kasha."

Modestus aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akashusha kasha. Malongo aliangalia pembeni, akamtanguliza mjukuu wake. Meza ilitolewa nje, na akina mama wakapanga, safari hii bila kucheka. Zamu ya Nshoma ilipofika, Genoveva alimnyooshea mikono ampokee mtoto.

Nshoma hakumtoa. Aliikaza mbeleko kifuani.

"Kwanza niambie," alisema. "Mstari huu wa leo ni wa nini?"