Ndara Iliyobaki Nyuma

Fundi viatu kupoteza kiatu chake mwenyewe njiani, tena asijue, ni aibu isiyo na mfano. Fundi wetu ilimpata mara nne mwezi ule, mkewe akimfuata nyuma na ndara mkononi.

"Baba, umeivua tena."

"Sijaivua. Imenikimbia."

Mkewe alicheka, ila moyoni hakuwa na raha. Nyayo za mumewe zilikuwa na ganzi mwezi wa nane sasa, na vidole vya mikono navyo vilianza. Juzi sindano ya kushonea soli ilimchoma, akajua alipoona damu. Fundi asiyehisi sindano atafanya kazi gani? Mbele za watu fundi alitia mzaha, lakini aliogopa, tena sana.

Alipimwa kisukari mara tatu, hana. Kwa tahadhari alikuwa ameshaacha sukari, akanywa chai isiyo na utamu nusu mwaka, bure kabisa. Zahanati moja ilimpa vitamini. Nyingine ilimwambia ni uzee, na hilo lilimuudhi kuliko ganzi yenyewe, maana alikuwa na miaka arobaini na sita.

Safari hii walikwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa neva, mama mfupi asiye na haraka. Alimgonga magoti kwa kinyundo, kisha akamwambia afumbe macho, atampitishia pamba nyayoni.

"Utaanza lini?" fundi akauliza.

Kumbe alikuwa ameshampitishia. Daktari akavuta kiti.

"Hebu nieleze siku yako, tangu unapofungua kazini."

Fundi akaeleza kwa madaha. Anapaka gundi kwa kidole, anafunga dirisha vumbi lisitue, anabandika. Soli yake haibanduki ng'o.

"Zamani pia ulibandika?"

"Nilishona. Gundi nimeianza mwaka jana, inaokoa muda."

"Kichwa hakikuumi?"

"Jioni, kila siku."

"Hata siku za mapumziko?"

Fundi akamgeukia mkewe. Mkewe ndiye aliyejibu, polepole: "Siku hizo hakimuumi."

Kipimo cha umeme cha neva kilithibitisha. Mvuke wa gundi ile, ndani ya chumba kilichofungwa, ulikuwa ukimla neva.

"Iache leo," daktari akasema. "Ganzi itazidi kwanza, miezi miwili hivi, halafu itaanza kurudi nyuma, kwa mwendo wa kobe. Neva nyingi zitapona. Siwezi kukuahidi zote."

Fundi akarudia uzi na sindano, dirisha wazi. Wateja walinung'unika, akawaacha wanung'unike. Kweli ganzi ilizidi, mpaka siku moja akashindwa kufunga vifungo vya shati, akalia mbele ya mkewe.

"Si alisema itazidi?" mkewe akamwambia, akimfunga vifungo. "Kama hili alilijua, na la kupona analijua."

Mwezi wa saba tangu aiache gundi, wakitoka kazini mchana, fundi alisimama ghafla na kugeuka. Ndara ya kushoto ilikuwa hatua moja nyuma, na mkewe ameshainama kuiokota kama kawaida.

"Iache. Nimeisikia ikitoka."

Mkewe akainuka mikono mitupu, macho yamemjaa machozi. Fundi alikuwa bado amekanyaga chini kwa mguu mtupu.

"Lami ina moto," akasema.

"Vaa basi, twende."

"Ngoja kwanza."