Pembe Nyekundu

Wanaosema zabuni za serikali ni za wenye wajomba hawajawahi kunyimwa kazi kwa sababu ya pini. Mimi nimenyimwa. Mara ya kwanza tulitupwa nje kwa kuwa karatasi zetu zilibanwa kwa pini badala ya kushonwa kitabu. Mara ya pili ukurasa mmoja ulikosa sahihi. Bei zetu zilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyefika kuzitazama. Mara hii, zabuni ya mashuka ya hospitali ya wilaya, nilijiapiza kwamba wakitunyima, isiwe kwa uzembe wangu.

Na ilikuwa lazima tupate. Wateja wetu walishahamia kwenye mitumba, na kodi ya karakana tulikuwa tunailipa kwa kuuza vyerehani. Vilibaki viwili, changu na cha Mama. Hicho cha Mama ndicho kilichonisomesha, na mnunuzi alishakuja kukipapasa kama anayenunua mbuzi.

Asubuhi ya kufunga zabuni nilifika hospitalini na Mama. Nilitumbukiza bahasha kwenye sanduku, nikamkabidhi afisa ununuzi kifurushi cha sampuli, akakibandika namba. Sanduku lingefungwa saa nne, kisha bahasha zingefunguliwa mbele yetu sote na kila bei kusomwa kwa sauti. Tukakaa kwenye benchi la koridoni kungoja. Nilikuwa nimekagua kila kitu. Lebo niliikata mwenyewe, alama za chaki nilizifuta, hata mfuko niliununua usio na maandishi.

Kando yetu alikaa Mzee Nakala. Yeye huuza fagio, ndoo na sabuni, na jina hilo alipewa na wazabuni wenzake kwa sababu hana karatasi isiyo na nakala tatu.

"Wanangu, leo mmeleta nini?" akauliza.

"Mashuka, Mzee."

"Basi wenzenu wamekwisha. Mke wangu hanunui mengine. Akiletewa rundo sokoni, anafunua pindo tu. Akiona pembe nyekundu, anajua hili la kwenu. Asipoiona, anarudisha."

Mama alicheka kwa haya. Nami nilicheka, halafu nikayakumbuka masharti.

Masharti yalisema sampuli isiwe na jina wala alama yoyote ya kumtambulisha mzabuni, ili wakaguzi wasijue wanapima kazi ya nani. Nilikuwa nimeyakariri. Lakini ule uzi mwekundu ambao Mama hufungia pindo kwenye pembe, nyumbani hatuuiti alama. Tunauita fundo la Mama. Na mimi mwenyewe ndiye niliyezoea kuwaambia wateja waangalie hapo.

"Mzee," nikanong'ona, "pembe nyekundu si ni alama?"

Alinitazama, akautazama mlango wa afisa, utani ukamtoka. "Kama mke wangu anaijua, basi mkaguzi naye ana mke. Lakini sanduku bado halijafungwa. Kabla halijafungwa, mwenye zabuni anaruhusiwa kutoa kitu chake, akakirekebisha na kukirudisha. Andika barua, piga muhuri. Kimbia mwanangu, saa haina mjomba."

Karatasi alinipa yeye. Niliandikia magotini kwa haraka, mistari ikapanda mlima, nikapiga muhuri. Afisa ununuzi, mwanamke wa miwani asiyependa maneno mengi, aliisoma barua, akairudia.

"Ni haki yako," akasema akinirudishia kifurushi. "Lakini nikishafunga, nimefunga. Usije ukanililia hapa."

"Sitalia," nikamjibu, nami nilikuwa nimeshaanza.

Saa ya ukutani ilionyesha imebaki kama nusu saa. Tulienda mwisho wa korido, dirishani, kwenye mwanga. Nilifumua pembe zote kwa wembe, nikamwekea Mama zile nyuzi nyekundu kiganjani, nikampa sindano na uzi mweupe. Pindo naweza kulipiga kwa cherehani, ila fundo la pembe, lile linalozuia shuka lisifumuke likifuliwa kwa maji ya moto, siku zote ni kazi ya mkono wake.

Mama alielekeza uzi kwenye tundu la sindano. Ukapita pembeni. Akaulamba, akaelekeza tena, ukapita pembeni.

"Mama, haraka!"

"Wewe ndiye unayenichanganya."

Nikamnyang'anya, nikatunga, nikamrudishia. Pigo la kwanza alilichoma nje kabisa ya pindo. La pili alijichoma kidole, akakitia mdomoni kabla damu haijadondokea shuka. Hapo hasira zilinipanda. Miaka yote anashona kama malaika, anangoja siku hii ndiyo aboronge! Nilifungua kinywa nimfokee. Kisha nikaona jinsi anavyolitafuta pindo kwa kidole gumba, uso ameuelekeza dirishani, shuka lenyewe halitazami.

"Mama, huoni?"

"Nyeupe juu ya nyeupe siioni. Nyekundu naiona kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipohamia uzi mwekundu. Wewe ukaanza kuwaambia wateja waangalie hapo. Nikaona basi, iwe alama."

Niliumia. Nilitaka kukaa pale sakafuni nimlilie mama yangu, lakini hata kulia kulihitaji muda. Mama alinishika mkono, akauweka juu ya pembe.

"Shona wewe."

"Sijui fundo lako, Mama."

"Ulikuwa huna haja ya kulijua. Ingia chini. Rudi ulikotoka. Sasa pita kwenye kitanzi, vuta, usikaze. Ukikaza, maji ya moto yatalikata."

Vidole vyake vilikuwa juu ya vyangu, vikijua kila kitu. Fundo la kwanza lilitoka kama kinundu, tukalifumua, tukaanza upya. La pili likakaa. La tatu likaenda vizuri. Kufika pembe ya mwisho aliniachia mkono, akasema nimalizie, naye akabaki akikunja shuka upande wa pili.

Nilimkuta afisa ameshashika kufuli. Alinitazama, akaitazama saa, akapokea kifurushi na kukibandika namba. Kisha kufuli likalia nyuma yangu.

Bei zilisomwa. Aliyetangulia kwa unafuu alitaja bei ya chini mno, hata Mzee Nakala akanong'ona, "Huyu atashona kwa karatasi za kufungia sabuni." Wa pili kwa unafuu tulikuwa sisi. Afisa akasema washindi watajulishwa kwa maandishi, akafunga jalada.

"Hapo mpo," Mzee Nakala aliniambia akikusanya nakala zake. "Huyo wa kwanza, wakiipima tu sampuli yake ameanguka. Nendeni mkaulizie vitambaa."

Ningepaswa kuruka kwa furaha. Badala yake hofu ikaanza upya, hii ikiwa na sura nyingine. Mashuka yalikuwa mia nane, na kila moja lina pembe nne. Bei ile, na tarehe ya kupeleka mzigo, nilizipanga nikitegemea mikono ya Mama. Ukichelewa, mkataba unakukata pesa. Usiku kucha nilikuwa nimeomba tushinde, na sasa nilikuwa naogopa tutashinda.

Nje, kwenye ngazi, Mama alifumbua kiganja. Zile nyuzi nyekundu zilikuwa bado humo, zimelowa jasho.

"Shika," akasema. "Utajifunzia hizi. Mkono ukishajua, ndipo urudi kwenye nyeupe."

"Na wewe?"

"Nitakaa karibu nipapase. Ukikosea nitajua kabla yako."

Nilizitia nyuzi mfukoni. Kulikuwa na jambo lililokuwa likinitafuna tangu kufuli lilipolia.

"Mama, ile pembe ya mwisho, niliyoshona peke yangu. Uliipapasa?"

"Niliipapasa."

"Ikoje?"

Kabla hajashuka, alitafuta ngazi kwa ncha ya kiatu. Nadhani amekuwa akifanya hivyo muda mrefu na mimi sikuwahi kuona. Nikamshika kiwiko.

"Umekaza kidogo," alisema. "Lakini mtu angedhani ni yangu."