Kokoto Juu ya Viazi

Jumamosi asubuhi Anésie alishuka garini, samadi ya farasi ikiwa bado kwenye buti la gari, akakuta kokoto zimemwagwa juu ya bustani yake.

Kwanza alidhani amekosea mtaa. Lakini kanisa lilikuwa lile lile, nyuma ya maduka ya kitongoji cha St Marys, na umande ulioganda ulikuwa bado mweupe kwenye majani kando ya uzio. Kilichopotea ni matuta yake manne. Lori lilikuwa limeshaondoka, na mwenyekiti wa kamati ya kanisa, Gitau, alikuwa akisawazisha kokoto kwa reki, taratibu, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate.

"Bwana Gitau, ni nini hiki?"

"Ni paking, dada. Si unaona vile watu wanahangaika na magari kila Jumapili?"

"Na bustani yangu?"

Gitau aliegemea reki yake. "Bustani gani? Si hapa palikuwa na mchanga tu na manyasi makavu? Tulidhani umeachana nayo. Na baridi hii, nani analima?"

Damu ilimpanda Anésie kichwani. Kamati hiyo hiyo ndiyo iliyompa kona ile mwezi wa tano, ilipokuwa ngumu kama sakafu. Aliivunja kwa jembe, kila alipotoka kwenye kazi yake ya kutunza wazee, mgongo ukiwa tayari unamuuma. Mumewe Libère alileta maboksi kutoka ghala la Wetherill Park analofanyia kazi, wakayatandaza kuua magugu. Akaweka samadi, akaacha ioze. Wiki iliyopita tu alikuwa amefukia viazi vya mbegu vilivyochipua dirishani jikoni, akavifunika kwa nyasi kavu visiungue na baridi, ili mwezi wa tisa ukiingia, baridi ya huku ikiisha, uvikute viko tayari kuota. Ndiyo hayo manyasi makavu ya Gitau.

Akamkumbuka mama yake katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, siku walipoambiwa kijishamba chao kinajengwa ghala. Mama alikunja kanga yake, akang'oa mihogo michanga, akanyamaza. Nani angemlalamikia?

Anésie hakunyamaza. Alipiga magoti, akazoa kokoto kwa mikono, akachimba mpaka kucha zikajaa udongo. Akainuka na kiazi kimoja, chipukizi lake limevunjika, akamwekea Gitau kiganjani.

"Hicho ndicho kitu ambacho hakikuwepo."

Gitau alikitazama kiazi, hajui akiweke wapi. "Pole sana, dada. Kusema kweli hatukujua. Wacha tuombe, Mungu atakufungulia mahali pengine."

"Usiniombee, Bwana Gitau. Shika beleshi."

"Sasa?"

"Kabla jua halijapanda."

Wanakwaya waliokuja mazoezini walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza. Léocadie, rafiki yake Anésie tangu kambini, alivua viatu vya kisigino palepale, akaingia stoo ya kanisa, akatoka na toroli. Wengine wakamfuata. Gitau alijaribu kusema kwamba kamati itakaa Jumanne kulizungumzia jambo hilo, lakini toroli lilikuwa limeshaanza kujaa. Mwishowe akavua koti, akaanza kuchota. Mpaka mchana walikuwa wamehamishia kokoto upande wa pili wa jengo, ila zile zilizokwisha kudidimia kwenye matuta mawili ya mwisho. Hayo mawili hayakuokoka. Lori lilikuwa limeyashindilia vibaya.

Kesho yake, wakati wa matangazo, Gitau alisema kulikuwa na "kutoelewana kidogo" kuhusu uwanja, na sasa mambo yamekwisha.

Anésie akasimama. Binti yake Iteka alimvuta gauni akae. "Mum, please. Just sit down."

"Hakukuwa na kutoelewana," Anésie alisema, na sauti yake ikafika mpaka benchi la nyuma. "Kutoelewana ni watu wawili wakizungumza. Mimi hamkuniuliza. Namba yangu ya simu mnayo, kila mkitaka mtu wa kupika mnaipata. Miezi mitatu mmenipita nimeinama pale nje, mkanisalimia, halafu mkasema hapana kitu."

Gitau aliinamisha kichwa. "Ni kweli," alisema, safari hii bila kipaza sauti. "Nilikosea. Nilipaswa kukuuliza."

Anésie alikaa. Hasira haikuwa imeisha, na hakujilazimisha iishe. Baada ya ibada, wengine walipokuwa wakinywa chai, alitoka nje na gauni lake la Jumapili, akapanga upya nyasi juu ya matuta mawili yaliyookoka, kisha akaanza kuokota kokoto kwenye yale yaliyoshindiliwa, moja moja, akizirusha upande wa magari.