Kitambaa cha Mkono wa Kushoto

Mashaka ya Bibi yalianzia kwenye vibanio vya nguo. Alikuwa amesimama uani, shuka lililoloa limemlemea begani, anapapasa kwenye kikapu, na mkono unaingia mtupu unatoka mtupu. Akachungulia sebuleni kupitia dirishani. Vibanio vyake vimetapakaa meza nzima! Vingine vimebanwa kwenye shati la Kinyozi, vingine kwenye kola ya yule fundi baiskeli ambaye mtaa mzima ulimwita Kelele, na mjukuu wa Bibi, binti aitwaye Kijiti, kavipanga kifuani kama mtu aliyevishwa nishani.

"Nani kafa?" Bibi akauliza.

"Hajafa mtu, Bibi," Kelele akajibu kwa ile sauti yake ya kuita wateja ng'ambo ya barabara. "Ila mimi niko njiani!"

Wakaangua kicheko. Bibi akarudi kwenye kamba, akaanika shuka bila vibanio, na upepo ukalitupa chini.

Mchezo wenyewe alishauzoea. Kila Jumamosi mchana Kinyozi alifunga duka akaja na dadu zake ndani ya kijimfuko. Yeye ndiye msimulizi: mko msituni, mbele kuna mto, ng'ambo kuna kitu kinanguruma. Wenzake kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kubuni. Wanasema mtu wao anafanya nini, wanatupa dadu, dadu inaamua kama kafaulu au kaumia. Watu wazima na akili zao, wana kazi zao, wanahangaika na mazimwi yasiyokuwepo. Bibi hakuona ubaya. Bora wapige kelele mbele ya macho yake kuliko huko asikokujua.

Lakini Jumamosi ile Kijiti aliinuka mezani na kitambaa cheusi mkononi, mkono wa kushoto, kimefungwa kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Wenzake wakaaga, wakaondoka. Kitambaa kikabaki. Kesho yake asubuhi bado kilikuwepo.

"Huo mkono vipi?"

"Mchezo, Bibi. Mtu wangu kang'atwa na nguruwe mwitu. Ndiyo sheria yetu, mtu wako akiumia mkono, na wewe unafungwa wa kwako. Huutumii mpaka apone."

"Hata ukiosha vyombo?"

"Hata nikiosha vyombo."

"Sheria ya nani hiyo?"

"Ya Kinyozi."

Bibi alilimeza jibu lakini halikushuka. Ya Kinyozi! Kijana gani huyo wa kumfunga binti wa watu mkono kutoka mezani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kitandani? Akaanza kumpekua Kinyozi kichwani mwake. Zile kucha safi kupita kiasi. Ile "shikamoo, Bibi" ya kuinama mno, kama mtu aliyedondosha kitu sakafuni. Halafu kazi yake ni ya wembe. Je, kama kamchanja mtoto? Kama kamchora alama yake mwenyewe mkononi, akamwambia aifiche? Siku hizi watu wanafanya mambo.

Bibi alikuwa mwanamke wa kusubiri maziwa mpaka yachemke, hayapi kisogo. Akatega jicho.

Akaona Kijiti anakunja nguo kwa mkono mmoja akisaidiwa na meno. Akaona analala kaupa ukuta uso. Asubuhi, jua linachoma, binti anavaa blauzi ya mikono mirefu kwenda kazini kwake kwa dobi, alikochukuliwa kwa majaribio upande wa kupiga pasi. Halafu dawa ya meno. Bomba jipya, Bibi kalinunua mwenyewe, tayari limekamuliwa hadi shingoni.

"Unampigia mswaki nani mwingine?"

"Meno yananisumbua, Bibi."

"Fungua nione."

"Yameshatulia."

Akapita haraka kuelekea mlangoni, na alipopita Bibi akanusa. Kulikuwa na mnanaa, na chini ya mnanaa kulikuwa na kitu kingine, kizito, ambacho hakikuwa cha mdomoni.

Jumamosi ilipofika, Bibi alivuta kiti akakaa mezani kabla ya wageni kukaa.

"Leo nacheza."

"Bibi, utachoka," Kijiti akasema upesi.

"Nikichoka nitasinzia hapahapa."

Kinyozi alifurahi mpaka akasugua viganja. Bibi akalitilia shaka hata hilo. "Chagua, Bibi. Mpiganaji, mwindaji, mwizi, mganga..."

"Wezi naona mmejaa, wa vibanio. Nipe mganga."

Mganga wake hakufika mbali. Alipojaribu kuvuka daraja la kamba, Bibi alitupa dadu, dadu ikamkana, na mganga akatumbukia bondeni. Kinyozi akanyanyuka kwa heshima na kumbana Bibi vibanio viwili kwenye gauni. "Kimoja cha goti, kimoja cha nyonga. Utanisamehe, Bibi."

"Hayo ninayo tangu zamani. Umechelewa."

Kelele alipiga meza kwa kiganja mpaka dadu zikaruka.

"Sasa nielezeni," Bibi akasema, kama anaulizia bei ya nyanya. "Kwa nini vibanio?"

"Zamani tulikuwa tunahesabu nguvu tu," Kelele akadakia. "Mtu wako ana nguvu ishirini. Anakatwa mapanga, anaungua, anaanguka, inabaki moja, na bado anakimbia na kupanda miti kama hajaguswa! Mpaka ile moja nayo iishe, ndiyo puu, kafa. Nikasema huu ni uongo. Mtu hawi mzima mpaka dakika ya kufa."

"Ndiyo nikaleta vibanio," Kinyozi akasema. "Kila jeraha lina mahali pake. La mguu unachechemea, la mkono unafungwa kitambaa, tusisahau. Halafu jeraha bichi likiachwa bila kutazamwa linazidi. Mimi mwenyewe naongeza kibanio."

"Na kitambaa mnakwenda nacho makwenu?"

Kinyozi akacheka. "Aa, Bibi! Kinafunguliwa tukiinuka mezani. Mimi nikinyoa watu kwa mkono mmoja si nitawatoa masikio?"

Bibi hakumtazama Kinyozi tena. Shaka lote alilomrundikia kijana wa watu lilijikusanya polepole, likavuka meza, likaenda kukaa kwa mjukuu wake. Kijiti alikuwa anageuzageuza dadu kana kwamba ina upande mwingine hajawahi kuuona.

"Na huyo nguruwe," Bibi akasema, "dadu ndiyo ilimtuma mkononi?"

"Wapi!" Kelele alikuwa hajanusa chochote. "Dadu ilisema mguu. Huyu akabishana mpaka tukachoka. Mkono, mkono, tena wa kushoto. Nikamwambia, dada, wenzio wanaomba wapunguziwe, wewe unachagua pa kung'atwa?"

"Tuendelee," Kijiti akasema.

"Tuendelee," Bibi akakubali. "Mganga wangu katoka bondeni. Anamtibu mpiganaji wa Kijiti."

"Safi. Tupa dadu, Bibi," Kinyozi akasema.

"Sitibu nisichokiona. Afungue."

"Bibi, ni mchezo tu. Hakuna cha kuona," Kijiti akasema.

"Kama hakuna, kufungua kuna shida gani?"

"Fungua, dada, mganga kasema!" Kelele akashangilia. Akamtazama Kinyozi amuunge mkono, akakuta mwenzake hacheki.

Kinyozi alikuwa ameweka dadu chini. "Kwenye meza yangu," akasema taratibu, "mganga ana haki ya kuona jeraha."

Kijiti akaanza kukifungua kitambaa, mzunguko baada ya mzunguko, na ule wa mwisho ukagoma, umegandia. Akauma mdomo akauvuta.

Dawa ya meno ilikuwa imekauka mkononi kama chokaa ya ukutani. Chini yake kulikuwa na mstari mpana wa kuungua, umenyooka kama umepigiwa rula, kingo zake nyekundu, katikati panatoa usaha. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kumjua, Kelele alinong'ona: "Huyu si nguruwe."

"Mfuniko wa mashine ya pasi," Kijiti akasema. "Ulinishukia. Ijumaa, kabla ya nguruwe."

"Na kwa nini mimi nisiambiwe?"

"Bosi alisema anayeungua ni mzembe, na mzembe hana kazi kwake. Niko kwenye majaribio, Bibi. Ungejua ungekwenda pale."

"Ningekwenda."

"Ndiyo maana."

"Na huko kazini kitambaa wanakionaje?"

"Kazini nakifungua. Nateremsha mkono wa blauzi, nafanya kazi kwa mikono yote miwili." Machozi yakamdondoka. "Nilikuwa naupumzisha nyumbani tu."

Bibi akamwona akilini yule mtu aliyesimuliwa na Kelele, mwenye nguvu moja iliyobaki, anapanda miti kama hajaguswa. Akasimama. Goti likalia.

"Kelele, baiskeli yako ina kiti cha nyuma?"

"Inacho, Bibi."

"Mbebe. Kinyozi, wewe nishike mkono, tunawafuata kwa miguu."

Kwenye zahanati, muuguzi aliugeuza ule mkono kwenye mwanga, akabonyeza kila kidole, akakunja uso. "Mmeuchelewesha. Utabaki na kovu, lakini vidole vinasikia. Huu hauguswi na mashine mpaka niseme mimi." Akachukua kalamu. "Umeumiaje?"

Kijiti akafungua mdomo, akatupa jicho kwa Bibi. Bibi alikuwa anamwangalia vilevile alivyomwangalia wiki nzima, bila kupepesa.

"Kazini," Kijiti akasema. "Niliungulia kazini. Andika hivyo."

Bibi akapumua. Bosi yule alikuwa na Jumatatu ndefu inamsubiri, naye akitaka kusema ni uzembe, atamwambia Bibi uso kwa uso.

Muuguzi akainua macho, akaviona vile vibanio kwenye gauni la Bibi. "Na hivi, mama?"

"Hayo ni majeraha yangu," Bibi akasema. "Vibanio vinakuonesha yalipo. Anza na huyu anayeficha."