Mhusika Asicheke

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi pomboo kumi walikuwa wamelala mchangani, mita arobaini kutoka bomba la kiwanda cha rangi, wote wakiwa hai. Mpiga picha alifika muda mfupi baadaye na kamera, stendi ya miguu mitatu na shuka jeupe. Kazi yake ya kila siku ilikuwa picha za pasipoti, na mtaa mzima ulimwita Usicheke, kwa kuwa ndilo neno alilowaambia wateja kabla ya kubonyeza.

Kuhusu bomba lile, Idara ya Ufukwe ilikuwa na kanuni moja: maji yake yangepimwa siku ambayo viumbe kumi waliokwama wangethibitishwa, kila mmoja kwa fomu na picha. Usicheke alikuwa ameisubiri siku hiyo miezi minne. Mama yake alizoea kuoga baharini kila alfajiri kwa ajili ya magoti, na tangu bomba lifunguliwe ngozi ya miguu yake ilibambuka kama ganda la kitunguu. Daktari alisema hawezi kuandika dawa bila kujua maji yale yana nini. Mama naye alisema hawezi kufukuzwa baharini na bomba lililomkuta pale.

Basi Usicheke alitundika shuka nyuma ya pomboo wa kwanza na kumpiga picha. Majirani walileta mabeseni ya maji na mataulo ya kuwafunika wanaosubiri zamu. Kufikia saa mbili alikuwa amewamaliza wote.

Karani wa Idara, bwana mwenye kalamu tatu mfukoni, alizipanga picha mezani akazitazama moja moja.

"Dada, hizi sizipokei."

"Zina nini?"

"Wahusika wanacheka."

Usicheke alimweleza kwamba mdomo wa pomboo umeumbwa hivyo, hata akiwa anakata roho. Karani alimgeuzia fomu ajisomee. Kifungu cha nne kilitaka mhusika atazame kamera, masikio yaonekane, na asicheke. Hakikusema mtu wala mnyama, kilisema mhusika. Kwenye masikio Idara ilikuwa tayari kulegeza kamba. Kwenye kucheka haikuwezekana, kwa kuwa anayecheka hana malalamiko.

Saa nne na nusu pomboo kumi waliingia studio ya Usicheke kupigwa picha upya. Walikuwa wamekuja kwa matumbo, mitaa miwili, wakipumzika kwenye vivuli vya maduka. Watano walienea kwenye benchi, watano wakabaki sakafuni. Mteja aliyefuata picha ya leseni alisogea kuwapisha, akasema tu kwamba yeye ndiye aliyetangulia.

Alipoondoka, Usicheke alimkalisha pomboo wa kwanza mbele ya shuka, akamwambia asicheke. Pomboo alijitahidi. Alifumba macho, akabana pumzi, lakini mdomo ulibaki vilevile. Usicheke alimsimulia misiba miwili ya pale mtaani, mmoja wa mtu aliyemfahamu vizuri. Haikusaidia. Fundi viatu wa mlango wa pili alishauri midomo ibandikwe plasta. Ilibandikwa, wakaonekana wanacheka kwa siri.

Mama alipita akitoka dukani, akasimama mlangoni.

"Wana nini hawa?"

"Wameshindwa kununa, mama."

"Kununa nako kunashinda mtu? Hawa hawajawahi kuolewa."

Alivuta kiti, akakaa kando ya kamera, akapandisha gauni hadi magotini. Pomboo aliitazama miguu ile, kuanzia vidoleni kwenda juu, taratibu. Pembe za mdomo wake zikashuka, kama milimita sita kila upande. Usicheke alibonyeza.

Mama alikaa hivyo kwa wote kumi, dakika ishirini na tano, macho yake yakiwa ukutani. Kisha alishusha gauni, akauliza kama kuna chai.

Saa saba karani alizipokea picha na kugonga muhuri mara kumi. Usicheke aliuliza maji yatapimwa lini. Aliambiwa akae kwenye benchi asubiri. Saa nane na nusu karani alirudi na kadi kumi zilizofunikwa plastiki, kila moja na picha yake. Alieleza kwamba chini ya kifungu cha sita, mhusika ambaye fomu na picha yake zimekamilika hupewa kitambulisho cha mkazi wa ufukwe.

"Na maji?"

"Maji yanapimwa wakifika kumi waliokwama, dada. Mkazi hakwami kwake."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, kaka. Asubuhi walikuwa kumi."

"Asubuhi hawakuwa na vitambulisho. Sasa hivi waliokwama ni sifuri."

Aliiandika sifuri hiyo, akaipigia mstari kwa rula.

Saa tisa na robo karani alishuka ufukweni mwenyewe. Pomboo walikuwa wamekwisha kurudi na kujilaza palepale pa asubuhi. Aliwafungia kadi kwenye mapezi kwa uzi, akisoma nambari kwa sauti, na mama akamsaidia kukaza mafundo. Bomba lilikuwa linamwaga maji ya rangi ya zambarau.

Saa kumi na dakika tano nyangumi mmoja alijilaza mchangani karibu nao, akipumua kwa shida. Karani alifungua daftari la wageni, akamwuliza amekuja kwa nani.