Tangi la Fukusi

Mume wangu Moalosi ana moyo mzuri, na moyo wake huo nusura uniue kabla ya maradhi.

Bwawa letu lilikuwa limefunikwa na lile gugu la kuelea, limebanana mpaka ndege wanatembea juu yake. Chini giza tupu. Samaki wamekimbia, mayungiyungi yanaoza, na sisi wanawake tuliozoea kuingia majini kuchimba tswii, ile mizizi yake tunayopika na nyama, tunarudi na beseni tupu. Tulivuta gugu hilo kwa mikono hadi migongo ikakatika. Ukigeuka, limerudi. Ndipo wataalamu wa mjini Maun wakaniletea ndoo moja tu ya fukusi, wadogo kama punje za ulezi, chakula chao ni gugu hilo tu. Wakaniambia niwafuge kwenye tangi lenye gugu nyuma ya nyumba, wazaane, kisha tuwamwage bwawani. Ulibaki upande mmoja tu wenye mayungiyungi mazima. Tukichelewa, na huo unakwenda.

"Wenzio wanapepeta fukusi watoke kwenye mtama," Moalosi akanicheka, "wewe unawafuga! Utawakamua maziwa?"

"Cheka tu. Tswii utakayokula ni jasho lao."

Basi nikaugua kifua. Nikapakiwa kwenye boti kupelekwa hospitali Maun, kurudi sijui, kutorudi sijui. Nilimshika Moalosi shati, nikamwambia, "Nitunzie tangi langu." Pumzi za kueleza zaidi sikuwa nazo.

Niliporudi, nimeshikiliwa na binti yetu Boipelo, hata chai sikungoja. Nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Jamani! Tangi limejaa gugu la kijani kibichi, hakuna jani lenye tundu. Moalosi kasimama pembeni anatabasamu kama bwana harusi.

"Umeona lilivyostawi?"

"Lile la kwanza liko wapi?"

"Lile? Lilikuwa linakauka, mke wangu. Nikalichoma, nikakutafutia jingine zuri."

"Umechoma fukusi wangu!" Nilipiga kelele mpaka kikohozi kikanirudia. "Kukauka ndiko nilikokuwa nakutaka, we mwanamume! Likikauka ujue wanakula, wanazaana! Sasa bwawa tutaliokoa na nini? Na mate yako?"

Moalosi aliacha kutabasamu. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho yamemjaa machozi.

"Wewe uko Maun, habari sipati," akasema. "Kila nikiamka, limezidi kuwa la kahawia. Nikajiambia, hili likifa, Mama Boipelo harudi. Ulitaka nilitazame tu?"

Hasira zote zikanitoka. Nikajisogeza nikakaa ubavuni mwake, nikalia na mimi. Nampenda mzee huyu, basi.

Baadaye akajikohoza. "Kuna fungu moja la lile gugu la kwanza lilinishinda kulichoma. Lilikuwa na ukijani kidogo katikati."

"Liko wapi?"

Alikuwa ameliweka kwenye beseni bovu kivulini, analimwagia maji kila siku. Nikapasua kichipukizi kwa ukucha. Fukusi! Nikapasua kingine, na humo yumo. Tukalirudisha tangini pamoja na lile jipya.

"Safari hii likifa, ufurahi," nikamwonya.

"Nitajitahidi."

Joto likapanda, nami nikapata nguvu kidogo kidogo. Asubuhi moja nasikia mayowe nyuma ya nyumba: "Mama Boipelo! Amka! Linakufa! Linakufa lote!" Jirani yetu Keneilwe alikuja mbio, kitambaa cha kichwa mkononi, akidhani tumefiwa. Akamkuta Moalosi anacheza mbele ya tangi la majani yaliyooza.

"Huyu ana akili timamu kweli?" akaniuliza.

"Mwache, dada. Hebu shika beseni."

Tukayabeba majani hayo, na fukusi ndani yake, hadi bwawani, tukayamwaga kando ya mayungiyungi yale machache yaliyosalia. "Kuleni, wanangu," Moalosi akawaambia, "kuleni mshibe."

Na walikula. Doa la kahawia lilitokea hapo, likapanuka, na kabla ya baridi kuingia gugu lilikuwa linazama lenyewe na maji yanaonekana. Kila jioni tulikwenda kulitazama. Moalosi alicheka, akalitukana lile gugu, akalihesabia siku zake, lakini mkono wangu hakuuachia hata mara moja.