Tuni Iliyokaa Sawa

Paroko alimkabidhi Mama Kinanda maneno ya wimbo wa zamani wa Bikira Maria akidhani amempa kazi nyepesi. Maneno yapo, tuni imepotea. Atafute nyingine, Jumapili waimbe. "Wewe mama hushindwi," alisema, akaenda zake kunywa chai. Watu wasiopiga kinanda huwa na imani kubwa sana.

Maneno yenyewe aliyajua tangu utotoni, bibi yake alimfundisha kama sala. Akahesabu silabi kwa vidole juu ya meza ya jikoni: nane, saba, nane, saba. Tuni za mizani hiyo zilikuwepo, akazipeleka kwenye mazoezi ya kwaya. Moja ilikuwa ya maziko. Nyingine ilivuta sauti pasipostahili, "Mama wa wenye machozi" ikatoka "maaachozi", na sauti ya kwanza wakacheka mpaka wakashikana mabega. Walisema kuna mbuzi kapotea njia kanisani.

Alijua ipo moja itakayokaa sawa, na ndiyo hiyo aliyokuwa akiikimbia. Mumewe aliitunga kwa ajili ya harusi yao, miaka mingi kabla hajamwacha akahamia kwa mwanamke mwingine, mtaa wa pili tu. Mama Kinanda aliapa kutoigusa tena. Kwaya nzima ilimsitiri. Hakuna aliyethubutu hata kuipiga mluzi.

Jumamosi, mazoezi ya mwisho, tuni nyingine tena ikawashinda. Ndipo mdogo wa mumewe, mwimba besi, akaanza kuyaimba maneno yale polepole kwa tuni ile ya harusi, macho chini. Maneno yakaingia bila kusukumwa. Wengine wakadakia. Mama Kinanda alitaka kutoka, lakini kinanda kilikuwa kimebanwa kati ya ukuta na benchi la besi. Mpaka benchi zima lisimame ndipo apite.

"Shemeji, nisamehe," besi alisema walipomaliza. "Hii ndiyo yenyewe."

"Najua. Lakini ni ya maneno ya harusi."

"Ya harusi aliyaweka baadaye. Kaka aliitungia haya haya. Alipokuwa anakuja kwenu kukuchumbia, alikuwa anakaa sebuleni anakusikia ukiyasali jikoni huku unaosha vyombo. Hata pale pa kuvuta pumzi alipachukua kwako."

Hasira yote aliyoitunza Mama Kinanda kwa ajili ya tuni ya mtu mwingine haikuwa na pa kwenda.

"Basi imepatikana," Paroko alisema toka mlangoni, uso umemkunjuka. "Tutaimba kila Jumapili baada ya komunyo."

Benchi halikusimama. Wote walikuwa wakimngoja, basi akaweka vidole kwenye kinanda. Havikukosea hata noti moja, na hilo lilimuuma kuliko yote. Kwenye ubeti wa pili, akiimba pamoja nao, alijaribu kuvuta pumzi mahali pengine. Akaishiwa hewa, akarudi palepale.